KUMJARIBU KIJANA KABLA YA KUMKABIDHI

 

Katika darsa zetu za karibu tulisoma mlango wa hajri, yaani mlango wa watu waliozuiliwa kuendesha mali zao wenyewe, nao ni mtoto, na mwendawazimu, na mtu mpumbavu wa mali. Baadhi ya ndugu waliohudhuria walidhani kuwa mlango huu ni wa makadhi na mawakili, haumhusu mwenye duka wala mvuvi wala fundi. Sisi twaona kinyume cha hayo. Hatujui mlango wa fiqhi unaomhusu zaidi baba mwenye mtoto wa miaka 13 au 14 kuliko huu, na khasa katika zama zetu hizi.

Asili ya mlango huu ni katika Suratun-Nisaa, aya ya 6. Humo walezi wameamrishwa wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao rushdi ndipo wawape mali zao. Msomaji naatazame mpango wa maneno hayo. Amri ya kujaribu imetangulia amri ya kukabidhi. Haikusemwa: mwacheni mpaka akue, kisha mumpe, muone atafanya nini. Wala haikusemwa: msimpe kitu maisha yake, kwa kuwa vijana wa siku hizi hawana akili. Kujaribu ni kazi ya mlezi, na aliyeiacha kazi hiyo hana haki ya kulalamika kuwa kijana wake hana rushdi, kwa sababu hakupata kuitafuta.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaji ambacho wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekisoma na kukisomesha karne nyingi, ameeleza jaribio lenyewe namna lilivyo. Mtoto wa mfanyi biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua, na kwa kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa ukulima, na kwa kuwalipa wanaoufanyia kazi ukulima huo. Mtoto wa fundi hujaribiwa kwa ufundi wa watu wake. Na mwanamke hujaribiwa kwa mambo ya pamba na kusokota, na kwa kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. (Wanafunzi wetu walicheka walipofika kwenye paka. Lakini mwenye kujua nyumba anajua kuwa anayeweza kulinda samaki na paka mchana kutwa ni mtu wa kuaminiwa.) Kisha akasema kuwa jaribio sharti likaririwe mara mbili au zaidi, na kuwa wakati wake ni kabla ya kubaleghe. Maana yake ni kuwa siku kijana anapobaleghe, baba awe tayari anajua ni mtu wa namna gani aliyenaye.

Sasa natutazame twafanya nini sisi watu wa pwani. Mtoto wetu akifika miaka 15, au zikionekana dalili zake kabla ya hapo, twamwambia: umekuwa mukallafu, kalamu zimeanza kukuandikia, Sala ukiiacha ni dhambi yako, saumu ukiila ni deni lako. Haya ni kweli wala hayana shaka. Lakini kijana huyo huyo tuliyemwambia kuwa atasimama mbele ya Mola wake kwa hesabu yake mwenyewe, hatumwamini kwenda kulipa bili ya maji. Nguo zake zafuliwa na mamake. Chakula akikuta kimepoa hukasirika. Duka la babake halijui illa kwa kuingia kuomba pesa. Akiuliza jambo la mirathi ya babu yake huambiwa, "Wewe mtoto, nyamaza." Basi tumempa jukumu la Akhera lote, na la dunia hatukumpa hata chembe. Akili ya kijana haiwezi kuyaunganisha mambo haya mawili, naye aghlabu hulichukua lile la pili kuwa ndiyo kweli: kwamba yeye ni mtoto, na mtoto hana hesabu.

Na kijana ni mtu, hawezi kukaa bila ya kutafuta mahali pa kuhesabiwa. Katika miaka hii ya karibu watu wa Kisauni na Likoni wamepata taabu kubwa kwa makundi ya vijana wenye mapanga, na wengine katika hao hawajafika miaka 18. Tumesikia watu wengi wakiuliza vijana hawa wamelogwa na nani. Hawakulogwa. Kundi lilimfanyia kijana yale ambayo nyumba haikumfanyia. Lilimjaribu, likampa jina, likampa kazi, likamwambia kuwa wenzake wanamtegemea, na akikosa lilimwadhibu kama anavyoadhibiwa mtu mzima. Muuza unga pia hufanya hivyo. Humpa kijana wa maskani kifurushi akipeleke mahali, na akirudi na pesa kamili humwongezea amana. Ni jaribio lile lile la Minhaji, limechukuliwa na mtu fasiki akalitumia kwa kuwaharibu watoto wetu, na sisi wenye kitabu tumekiweka rafuni.

Tumependa kuleta hapa mfano wa mbali kidogo, kwa sababu mambo ya karibu mtu huyazoea asiyaone. Mombasa ndipo inapouzwa chai ya Afrika ya Mashariki kwa mnada tangu mwaka 1969, ulipohamishwa mnada huo kutoka Nairobi. Magunia hupita mbele ya macho yetu kwenda bandarini, na kila asubuhi twanywa chai hiyo kwa mahamri, wala wengi wetu hatujui inakotoka. Sehemu kubwa yatoka nchi ya Kericho na Bomet, kwa ndugu zetu Wakipsigis. Mwezi wa Disemba mwaka 2024 tulikwenda Kericho kuwazuru Waislamu wa huko, na mfanyi biashara mmoja wa mjini akatuchukua mpaka Sigowet, kwa mzee anayejuana naye. Sigowet iko mahali ambapo vilima vya chai vinakaribia kwisha, na ukishuka mbele yake wafika Soin, kwenye joto na miwa. Mzee yule si wa dini yetu, lakini alitukaribisha vizuri, akatuchinjisha sisi wenyewe kuku wake ili tupate kula, na mazungumzo yake yalikuwa ya mtu mwenye akili.

Disemba ni mwezi wa jando katika nchi ile. Wavulana hutiwa tohara, wakakaa faragha katika kibanda kiitwacho menjo, mbali na mama zao, chini ya mlezi wanayemwita motiriot. Hapo zamani walikaa muda mrefu, miezi mingi, wakifunzwa adabu, na siri za ukoo, na namna ya kusema na wakubwa na kuhifadhi ng'ombe. Siku hizi skuli zimelifupisha jambo hilo likawa la likizo moja tu. Mvulana akitoka hupokewa kwa jina jipya la kiume, ndipo aitwe arap fulani, na halali tena nyumbani kwa mamake. (Kwetu sisi mtoto huitwa bin fulani tangu siku ya saba, bila ya kulipa chochote.) Ya wasichana hatuyazungumzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji, na wao wenyewe wengi wameuacha.

Msomaji asidhani kuwa twataka kulisifu jando lile kama lilivyo. Watoto wetu sisi hutahiriwa wadogo, hatuna haja ya kisu kingine wala ya kibanda. Na mzee mwenyewe alituambia wazi kuwa wako wavulana wanaotoka kule vichwa vimewavimba, wakamdharau mwalimu na mama, wakaanza pombe, wakidhani kuwa uanamume ni kutokuambiwa kitu. Alisema, na haya ndiyo yaliyotufanya tuandike: "Shehe, kisu ni cha siku moja. Mimi mjukuu wangu nilimpa mistari mitatu, na hiyo ni ya mwaka mzima."

Tukataka atueleze. Chai ya wakulima wadogo haikuwa ya asili kwao. Kabla ya miaka ya 1950 Mwafrika hakuachiwa kupanda chai yake katika Kenya, ilikuwa ni mali ya makampuni ya Waingereza. Baadaye ndipo wenyeji walipopewa njia, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwasimamia wakulima wadogo, ambalo tangu mwaka 2000 limekuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Kila mkulima ana namba yake. Majani huchumwa mawili na chipukizi lake, na mstari hurudiwa kila baada ya siku saba mpaka kumi na nne. Ukichelewa jani hukomaa likawa gumu, nalo halifai. Majani yaliyochumwa hufikishwa kituoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa yakilala hunyauka na kuungua kwa joto lake. Hapo yuko karani na mizani. Malipo kidogo hutoka kila mwezi, na yaliyobaki hulipwa mara moja baada ya kufungwa hesabu za mwaka, aghlabu mwezi wa Oktoba, nayo huitwa bonasi.

Mjukuu wa mzee alitoka jandoni mwishoni mwa mwaka 2022, umri wake miaka 14, naye alikuwa ameshamaliza darasa la nane. Babu yake akampeleka shambani, akamwonyesha mistari mitatu, miche isiyozidi mia mbili, akamwambia: "Palizi ni yako, kuchuma ni kwako, na hesabu ni yako. Namba ni yangu, kwa kuwa wewe hujafika umri wa namba, lakini tutaandika katika daftari mbali." Kijana alisoma skuli ya kutwa, akichuma Jumamosi. Kutokana na malipo ya mwezi alitakiwa anunue madaftari yake na sabuni yake, na babu hakumwongezea.

Mara ya tatu aliyokwenda kituoni, alikuwa ameruka Jumamosi moja kwa ajili ya mpira. Majani yalikuwa yamekomaa. Karani akatia mkono katika kikapu, akatazama, akamrudishia. Mzee alikuwepo pale pale kwenye mstari, na karani anamjua miaka mingi. Neno lake moja lingetosha. Hakulisema. Kijana akabeba kikapu akarudi nacho kilima chote, akayamwaga majani chini ya miche. "Nilitaka kusema," mzee alituambia, "nikauma ulimi." Nasi twasema kuwa katika kuuma ulimi pale ndiko kulikokuwa malezi yenyewe. Mizani haikujua yeye ni mjukuu wa nani. Baba wangapi katika mji wetu wangeweza kusimama pale wasiseme neno?

Ilipofika bonasi ya kwanza kijana alinunua simu. Mzee hakumzuia, alimwambia tu kuwa hatanunua ya pili. Haikupita miezi miwili ikaanguka ikavunjika, akakaa bila ya simu mwaka mzima. Bonasi ya pili, Oktoba 2024, aliongeza na akiba yake akanunua kondoo wawili, nasi tuliwaona. Tulikumbuka hapo sharti la Minhaji kuwa jaribio likaririwe. Lau mzee angelimhukumu kwa mwaka wa kwanza, angelimwandika katika wapumbavu wa mali, akamnyang'anya mistari, na mambo yangelikwisha hapo. Baba zetu wengi humjaribu mtoto mara moja, akipoteza shilingi mia mbili huwa ndiyo hoja ya kutomwamini mpaka aote mvi.

Tulimwuliza pia kama anataka mjukuu wake awe mkulima wa chai. Akasema hajui, wala si lazima. Kazi za chai zenyewe zinapungua. Mashine za kuvunia zimeingia katika mashamba ya makampuni, na mwezi wa Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto mashine hizo huko Kericho kwa hasira ya kukosa kazi. Bali anataka siku mtu atakapomuuliza kijana huyo "kazi yako nini?", awe na neno la kujibu. Tena alikuwa na wasiwasi juu ya wajukuu wadogo. Kumaliza darasa la nane ndiko kulikokuwa mlango wa jando kwa wengi, na mtihani wa darasa hilo umefanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa wazazi wengine wanataka kuwapeleka watoto wakimaliza darasa la sita, nao ni wa miaka 12 tu. "Mlango umeondolewa," alisema, "na kila mtu anatoboa wake."

Neno hilo la mlango lina asili katika dini yetu pia. Abdullahi bin Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alihudhurishwa mbele ya Mtume siku ya Uhud, naye ni wa miaka 14, hakuruhusiwa kupigana. Akahudhurishwa tena siku ya Khandaq, naye ni wa miaka 15, akaruhusiwa. Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoisikia habari hii alisema kuwa hiyo ndiyo mpaka baina ya mdogo na mkubwa, na maimamu wetu wa Kishafi wameishika kuwa dalili ya miaka ya kubaleghe. Wanafunzi huihifadhi hadithi hii kwa ajili ya ile miaka 15, wakapita. Lakini natutazame kilichofanyika. Kijana alitazamwa na mkubwa wa umma mwenyewe. Aliambiwa la, bila ya kutukanwa. Alijua kuwa iko siku atatazamwa tena. Na siku aliyokubaliwa alipewa kazi ya kweli, ambayo asipoifanya watu wataumia. Kijana asiyehitajiwa na mtu yeyote hawezi kujua yuko duniani kwa ajili ya nini, hata ukimsomea vitabu vyote vya makusudio ya sheria. Hulijua hilo akiona kuwa siku asipokuwepo iko kazi iliyolala.

Sisi hatuna chai, lakini hatukosi mistari. Mvuvi naampe mwanawe dema moja liwe lake, kulishona, kulitega na kulivua, na samaki wake wauzwe mbali. Mwenye duka pale Marikiti naamwachie kijana bidhaa moja tu, tuseme tende au bizari, ainunue yeye na kuiuza yeye, na daftari lake liangaliwe kila Ijumaa baada ya Sala. Mwenye vyumba vya kupangisha naampe mwanawe chumba kimoja akusanye kodi yake, apeleke fundi bomba likivuja, na asikie mwenyewe maneno ya mpangaji. Na wasimamizi wa madrasa, badala ya kuwaweka wavulana wakubwa nyuma wakicheza, wawape tangi la maji ya udhu liwe juu yao, likikauka waulizwe wao mbele ya jamaa.

Maswali tuliyoulizwa katika darsa ni mengi, tutajibu mawili.

La kwanza: je, biashara anayoifanya mtoto kabla ya kubaleghe ni sahihi? Jawabu: kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa mkataba wake hausihi. Kijana atapatana bei, atachagua mali, atasema na muuzaji mpaka wakubaliane, kisha ikifika kufunga mkataba ataufunga walii wake. Kwa hivyo baba hawezi kumtuma kijana akaenda zake kulala. Sharti awe karibu. Kadhalika yule mzee wa Sigowet aliiweka namba kuwa yake. Akishabaleghe na rushdi yake ikaonekana, hukabidhiwa mali yake, na rushdi kwetu ni wema wa dini na wema wa mali pamoja. Imamu Abu Hanifa amesema kuwa akifika miaka 25 hupewa mali yake kwa hali yoyote. Wako baba katika mji huu wenye watoto wa miaka 30 ambao hawajapata kushika ufunguo wa duka, kisha baba hufariki ghafula, na nyumba ya Mji wa Kale aliyoirithi kwa babu zake ikauzwa kabla ya kwisha mwaka.

La pili limetoka kwa mama mmoja: je, binti naye hujaribiwa, hali ya kuwa ataolewa na atatazamwa na mumewe? Jawabu: hujaribiwa, na Minhaji imemtaja kwa jina lake. Siku hizi pamba haisokotwi nyumbani, basi naapewe pesa za sokoni za juma zima, apange yeye, na zikiisha Alhamisi watu wa nyumba wale kilichopo mpaka Jumamosi wala asikaripiwe. Akiuza viazi karai au akishona, faida iwe yake na daftari liwe lake, na akiingia upatu alipe mwenyewe kwa siku yake. Ama hilo la kuolewa, katika madhehebu ya Imamu Shafi msichana aliyebaleghe akaonekana rushdi yake hupewa mali yake yote, ameolewa au hajaolewa, wala haingoji ruhusa ya mume. Baba anayeyakalia mafungu ya mirathi ya binti zake kwa hoja kuwa hawajui pesa, naye hakupata kuwajaribu hata siku moja, naafike kwetu baada ya Sala ya Isha tumsomee mlango huu faraghani.